Mwongozo kamili: Mbio ndefu za milimani kwa wakimbiaji wa Mtwara na Lindi wanaojiandaa na marathoni

Wakimbiaji wengi wa kusini wanakwama palepale. Kilomita ishirini na kitu za tambarare, kutoka Shangani hadi Mikindani na kurudi, mtu anazimaliza huku anapiga stori. Siku akienda Newala, kilomita ya 17 haijaisha ameshakaa chini ya mkorosho anatafuta bodaboda. Akifika nyumbani anasema mlima ulikuwa mkali.

Mara nyingi mlima hauna kosa. Alipanda kwa papara, akashuka kwa breki, akala kidogo. Mwongozo huu unafuata makosa hayo kwa mpangilio yanavyotokea, tangu jioni ya kabla hadi siku ya pili baada ya mbio.

Ni kwa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia saa 2 mfululizo kwenye tambarare bila kuumia. Kama hujafika hapo, jenga hilo kwanza. Mlima hauharakishi mazoezi ya mtu ambaye msingi wake bado.

## Vitu vya kuandaa

- Raba zilizokwisha kuzoea mguu, zenye soli yenye meno. Ziwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu kwenye mteremko mguu wote husogea mbele. Raba inayobana ndiyo inayong'oa kucha.
- Soksi zisizo za pamba tupu. Pamba hushika jasho, na jasho huleta malengelenge.
- Mafuta ya mgando kwa mapajani, kwapani na kwenye chuchu.
- Chupa 2 za nusu lita, moja ya maji matupu na moja ya maji yenye vijiko vikubwa 2 vya sukari na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Ukikamulia ndimu utainywa kwa hiari zaidi.
- Tende, au ndizi mbivu, au kashata ambazo tumbo lako linazijua.
- Tochi ya kichwani na kizibao cha kuakisi mwanga.
- Simu yenye chaji, na hela ndogondogo za maji na bodaboda. Hela ya bodaboda si ya aibu. Mtu asiyeibeba hujilazimisha kumaliza hata mguu unapokataa.

Saa ya kupima mapigo ya moyo si lazima. Kipimo cha kutosha kimeelezwa kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Chagua njia kwa hesabu

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo watu wanaparuka.

Kwa mbio ndefu ya kwanza ya milimani, tafuta kilomita 22 hadi 24 zenye jumla ya mita 250 hadi 350 za kupanda. Ukishazoea, nenda hadi kilomita 28 au 30. Jumla ya kupanda maana yake ni kila mwinuko ukijumlishwa, mikubwa na midogo. Programu za simu za kurekodi mbio zinaonyesha hesabu hiyo. Huwa zinakosea kidogo, lakini zinatosha kulinganisha njia moja na nyingine.

Angalia pia ukali wenyewe. Mwinuko wa asilimia 5, yaani mita 50 za kupanda kwa kila kilomita, ni mzuri sana kwa mazoezi. Ukizidi asilimia 8 kwa umbali mrefu, utakuwa unatembea zaidi ya kukimbia, na hilo ni zoezi jingine.

Sasa tazama mahali unapoishi.

Mtwara mjini ni tambarare, ukubali tu. Miinuko ya karibu iko Mikindani, kwenye barabara zinazopanda nyuma ya mji mkongwe upande wa Boma. Ni mifupi na baadhi yake ni mikali. Kimbia taratibu kutoka mjini, ambako ni kilomita 10 hivi, panda na kushuka mara kadhaa, kisha rudi. Inachosha akili kwa kurudiarudia, ila inafanya kazi.

Lindi mjini una bahati: bahari iko mbele na mlima uko mgongoni. Barabara za kupanda Mtanda zinatosha. Anza na kilomita 8 za chini ufukweni, panda na kushuka mara 4 hadi 6, malizia tena chini.

Ndanda na Masasi ni nchi ya milima tayari. Ndanda imekaa chini kabisa ya ukingo wa nyanda za juu za Wamakonde, na Masasi imezungukwa na vilima vya mawe. Ukianzia chini, unapanda ukiwa na nguvu na kurudi kwa kushuka. Kwa mgeni wa milima, mpangilio huo ndio rahisi zaidi.

Newala ni kinyume chake, na ndiko watu wengi wanakoumbuka. Mji uko juu kabisa, ukingoni. Ukisimama Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma limelala chini. Ukitoka Newala kwa kushuka ukingo, unaanza kwa raha na unamaliza kwa kupanda ukiwa umechoka. Hilo si baya ukijua unachofanya. Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, alishika nafasi ya pili Boston Marathon miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990, kwenye njia ya aina hiyohiyo: mteremko mrefu mwanzoni, vilima baadaye wakati mapaja yameshatafunwa. Lakini kwa mara yako ya kwanza usishuke ukingo. Kimbia juu kwa juu, kwenye mabonde madogo ya barabara ya kuelekea Tandahimba, na ukingo uuache kwa mwezi unaofuata.

Kama mbio unazolenga ni Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kumbuka kwamba mlima wake mkubwa, ule wa kuelekea Mweka, unakuja nusu ya pili, halafu unashuka hadi mwisho. Kwa hiyo angalau mbio zako 2 za milimani ziwe na mpangilio huo: kilomita 12 za kawaida kwanza, mlima baadaye, mteremko mwishoni.

Tahadhari. Pita njia hiyo mchana kwanza, kwa bodaboda au kwa miguu. Masika yakishika, barabara za udongo mwekundu huchimbwa makorongo ambayo gizani huyaoni. Kuanzia Oktoba malori ya korosho yanapishana barabarani, kwa hiyo kimbia upande wa kulia ukiyatazama yanavyokuja. Na kama unajiandaa katikati ya mwaka, uliza wenyeji ni mashamba gani yanapuliziwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia, saa zilezile unazokimbia. Vumbi lile likiingia kifuani na machoni, mbio zimekwisha. Ukiona wingu la njano kati ya mikorosho, geuza.

## Hatua ya 2: Siku mbili kabla

Pumzika siku moja kamili, au kimbia dakika 30 za taratibu tu. Usiende milimani siku inayofuata mechi ya mtaani.

Chakula cha jioni ya kuamkia mbio kiwe cha wanga zaidi kuliko kawaida na chenye mafuta kidogo: wali, ugali, viazi, muhogo wa kuchemsha. Maharage na mboga nyingi za majani viache hadi kesho, la sivyo utatafuta vichaka njiani. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ni mitamu, lakini kama hujaizoea usiijaribie usiku huo.

Kunywa maji mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Ukiwa mweupe kabisa kama maji, umezidisha.

## Hatua ya 3: Tega maji njiani

Chupa 2 hazitoshi saa 3 za joto la kusini. Jioni ya kabla, acha chupa kwa mtu unayemfahamu au kwa muuza duka kila baada ya kilomita 7 au 8. Njia ya kurudiarudia ni rahisi zaidi, kwa kuwa chupa zote zinakaa chini ya mlima.

Usipange kuomba maji majumbani, hasa juu ya nyanda za Makonde. Ardhi ya kule ni mchanga unaonyonya mvua haraka, maji yako mbali chini, na ndoo moja inaweza kuwa imesafiri safari ndefu kichwani mwa mama wa watu. Nunua.

Hatua hii ikienda vizuri, unafika kila kituo chupa ikiwa imebaki robo. Ukifika ikiwa tupu na ulimi umekauka, vituo viko mbali mno.

## Hatua ya 4: Toka mapema, anza kizembe

Amka saa 10 alfajiri, kula kidogo (uji mwepesi wenye sukari, au vipande 2 vya mkate na chai), kisha toka saa 11. Katikati ya mwaka jua huchomoza kama saa 12 na nusu. Kufikia Novemba linawahi kwa zaidi ya nusu saa, tena likija na unyevu. Ukitoka saa 1 asubuhi, sehemu ngumu ya njia itakukuta juani. Hapo moyo unagawanya damu kati ya misuli na ngozi inayopoza mwili, na kasi uliyoizoea haipo tena.

Kilomita 5 za mwanzo ziwe za taratibu hadi uone aibu. Kama kasi yako ya kawaida ya mbio ndefu ni dakika 6 na nusu kwa kilomita, anza na 7. Wenzako wakikupita, waache. Utawakuta.

Jambo moja la vijijini: mtu anayekimbia gizani anatia shaka. Washa tochi, salimia kila unayempita, na kama mko kundi msikimbie kimya. Salamu hizo zina kazi nyingine pia, kama utakavyoona.

## Hatua ya 5: Panda kwa pumzi, usipande kwa saa

Kosa la kwanza la watu wa tambarare ni kutaka kushika kasi ileile mlimani. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, mtu wa dakika 6 na nusu anapaswa kushuka hadi 7 na nusu au hata 8. Nguvu anayotumia ni ileile. Kinachopungua ni umbali tu. Aking'ang'ania 6 na nusu, anachoma akiba ya wanga ambayo ataihitaji saa moja baadaye, na mlima wa pili haupandi.

Kipimo ni salamu. Ukikutana na mzee, sema kwa sauti: "Shikamoo baba, habari za asubuhi, za nyumbani?" Ukiimaliza kwa pumzi moja, kasi ni sahihi. Ukiishia "Shikamoo" halafu ukatafuta hewa, punguza. Ukishindwa hata kumwitikia "Marahaba" mtoto aliyekusalimia, tembea.

Mwili uweke hivi:

1. Fupisha hatua na uziongeze wingi. Hatua ndefu mlimani inavuta kano ya kisigino.
2. Inama kidogo mbele kuanzia vifundoni. Ukikunjia kiunoni unabana mapafu.
3. Tazama mita 10 mbele. Kilele kiache.
4. Piga mikono nyuma kwa nguvu kidogo, miguu itafuata.

Kutembea kunaruhusiwa, na mahali pakali kuna faida: mara nyingi unatembea kwa kasi karibu sawa na ya anayekimbia, huku mapigo yakiwa chini. Ila tembea kwa mpango. Amua mapema, kwa mfano dakika 4 kukimbia na 1 kutembea, kabla mlima haujaamua kwa niaba yako.

Utajua umefanikiwa ukifika juu na ndani ya dakika 1 ya kukimbia taratibu pumzi imerudi. Ukihitaji kusimama na kushika magoti, ulipanda kwa kasi mno, hata kama saa inakusifu.

Ukifika kileleni usisimame na usikurupuke. Kimbia mita 200 kwa ulegevu, kunywa mafunda machache, ndipo uanze kushuka.

## Hatua ya 6: Mteremko, mahali mbio zinapoharibikia

Ningeweza kuandika mwongozo mzima kuhusu hatua hii peke yake. Watu huuogopa mlima wa kupanda na kuuchezea wa kushuka, kumbe miguu huisha kwenye kushuka.

Unapopanda, misuli inajikaza huku ikifupika. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inajikaza huku inavutwa kurefuka. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli. Huhisi kitu wakati huohuo, kwa sababu pumzi ni nyepesi na upepo unakupoza. Unakuja kujua kilomita 6 mbele kwenye tambarare, mapaja yamekuwa mazito na magoti hayanyanyuki.

Kuna habari njema. Mwili ukishapata dozi moja ya mteremko na ukapona, dozi inayofuata ndani ya wiki chache haiumizi kama ile ya kwanza. Ndiyo sababu ya kufanya mbio hizi wiki kadhaa kabla ya marathoni. Ndiyo sababu pia ya kujaribu kwa udogo kwanza: wiki 2 kabla ya mbio ndefu yako ya kwanza ya milimani, katikati ya juma, tafuta mteremko mpole wa mita 200, ushuke mara 6 kwa utulivu na kupanda kwa kutembea.

Namna ya kushuka:

1. Hatua fupi za haraka. Mguu utue chini ya mwili wako. Ukiutupa mbele unatua kwa kisigino na goti lililonyooka, na kila hatua inakuwa breki.
2. Goti lilegee kidogo wakati wa kutua.
3. Usiegemee nyuma. Kila mtu huegemea nyuma kwa woga. Mwili ukae wima dhidi ya mteremko, au mbele kidogo.
4. Fungua mikono pembeni ikupe mizani. Hakuna atakayekucheka saa 12 asubuhi.
5. Sikiliza miguu yako. Ukisikia pa! pa! pa!, unapiga ardhi mno. Mtu anayeshuka vizuri anasikika kidogo.

Kasi iwe juu kidogo tu ya ile ya tambarare, sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita. Usijaribu kulipia muda uliopoteza kwenye kupanda. Deni hilo halilipiki.

Kwenye barabara ya changarawe, vijiwe juu ya udongo mgumu vinateleza kama gololi. Tafuta mstari uliopitiwa na matairi, na kwenye kona kali tembea.

Simama kabisa ukihisi maumivu ya kuchoma upande wa nje wa goti, au maumivu ya mahali pamoja yanayoongezeka kwa kila hatua. Uchovu huenea paja zima. Jeraha lina anwani.

## Hatua ya 7: Kula na kunywa kabla hujahitaji

Anza kula dakika ya 40. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tende 6 ndogo zina kama gramu 30, ndizi mbivu ya wastani 25 hivi, na ile chupa yenye vijiko 2 vya sukari nyingine 25. Kula kwenye tambarare au mwanzoni mwa mteremko mpole. Ukila katikati ya kupanda, tumbo linakosa damu ya kusagia na chakula kinarudi. Korosho ziache: ni mafuta mengi, zinachelewa.

Kunywa mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, na usikie kiu inasemaje. Maji mengi matupu kwa kujilazimisha ni hatari pia, kwani yanazimua chumvi ya damu hadi kichwa kuuma na akili kuvurugika. Dafu ni zuri baada ya mbio, lakini lina chumvi ndogo kuliko jasho ulilomwaga.

Ukianza kusikia baridi na ngozi kusisimka juani, kuyumba, au mwenzako akaona unajibu mambo yasiyohusika, mbio zimekwisha. Kaa kivulini, mwagiwa maji kichwani, shingoni na kwapani, upepewe. Maneno yakiendelea kuvurugika, ni safari ya hospitali mara moja.

## Hatua ya 8: Kilomita 4 za mwisho

Zikimbie kwa kasi ileile uliyoanza nayo, au sekunde chache zaidi. Hapa hakuna mashindano. Angalia mambo 3: mabega hayajapanda masikioni, hatua bado ni fupi, na bado unaweza kutoa salamu nzima.

Ukishindwa, tembea dakika 2 ukimbie 3 hadi nyumbani. Saa 3 za mwendo wa namna hiyo bado ni mazoezi.

## Hatua ya 9: Baada ya kufika

Tembea dakika 10. Ndani ya saa moja kula kitu chenye wanga na protini: chai ya maziwa na mayai, wali na samaki, uji wa karanga. Ukipata mizani, jipime kabla na baada. Kila kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji ya kurudisha polepole, pamoja na chakula chenye chumvi.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla au mara tu baada ya mbio ili "kuzuia maumivu". Ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo. Na mkojo ukiwa wa kahawia nzito, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu ya mapaja hufika kilele siku ya pili. Kushuka ngazi kwa kinyumenyume siku hiyo ni kawaida. Kufikia siku ya nne yakiwa yamekwisha na unaweza kukimbia dakika 40 bila kuchechemea, dozi ilikuwa sahihi. Yakivuka siku ya sita, punguza theluthi moja ya kupanda mara ijayo, na umbali uache ulivyo.

## Mara ngapi?

Mbio moja ndefu ya milimani kila baada ya wiki 2, na wiki ya katikati mbio ndefu ya tambarare. Mara 4 au 5 zinatosha kwa msimu mmoja. Kila mara ongeza ama umbali ama kupanda, usiongeze vyote viwili.

Ya mwisho iwe wiki 3 kabla ya mashindano. Kilimanjaro Marathon kwa kawaida hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo kwa anayekwenda Moshi, mlima wa mwisho ni mwanzoni mwa Februari na wa kwanza ni Desemba, katikati ya joto, mvua na maembe. Tega chupa zako jioni ya Ijumaa, kimbia Jumamosi, ili Jumapili ambayo miguu imekakamaa na Jumatatu ambayo inauma zaidi zikukute hujapanga safari.